Mficha Maradhi Kifo Humuumbua

Majuzi nilimkuta mchuuzi sokoni Sericho akinadi chupa za dawa nyeusi zisizokuwa na maandishi yoyote. Moja, alidai, yatibu kisukari, shinikizo la damu na baridi yabisi. Mzee aliyesimama kando yangu alinunua mbili, kisha akaniambia kwamba vidonge vyake vya kisukari amekwisha kuviacha. Nilishtuka.

Sisemi kwamba mitishamba haina faida. La hasha! Dawa kuu ya malaria tunayopewa hospitalini asili yake ni mmea, pakanga ya Kichina, na ugunduzi huo ulimpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Lakini wanasayansi walikitenga kiini chake, wakakiwekea kipimo na kuyachunguza madhara yake. Ni nani aliyeipima chupa ya sokoni?

Wengi hudhani kwamba kitu cha asili hakidhuru. Kwani sumu ya nyoka si ya asili? Shubiri huharisha, na kuharisha kwa muda mrefu humpunguzia mtu madini ya potasiamu ambayo moyo huyahitaji. Mwarobaini waweza kushusha sukari mwilini. Ukiongezwa juu ya vidonge vya kisukari, mgonjwa aweza kuzirai.

Tusisahau Loliondo. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walimiminika kijijini Samunge, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Kuna wagonjwa waliokata roho wakiwa foleni, na kuna waliotupa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakiamini wamepona.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya kienyeji na kutaka isimamiwe. Hata hivyo, sheria haiwezi kusimama kando ya kila mchuuzi. Mwalimu na mwanafunzi wanaweza. Wafunze nyumbani maswali haya: Dawa hii ina nini? Kipimo chake ni kipi? Imesajiliwa? Daktari anajua kwamba naitumia?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Wagonjwa wengi huficha mitishamba kwa kuogopa kukemewa, na wahudumu wenye maneno makali wana lawama yao.

Nilimsihi yule mzee aipeleke chupa yake zahanati pamoja na vidonge vyake. Alikubali shingo upande. Naomba awe amefika.