Mpeni Samandari kurasa zake

Maoni Yetu

Muulize mtoto wa Buyenzi au Kinindo, hapa Bujumbura, akutajie shujaa mwenye nguvu kupita binadamu. Atakutajia Spider-Man, Batman, labda na Black Panther. Kisha muulize Samandari ni nani. Mmoja atakumbuka jina alilolisikia kwa bibi yake. Wengi watakutazama tu. Hali hii inatuuma, na tunaamini dawa yake ipo mikononi mwa wachoraji na waandishi wa mji huu.

Samandari ni mtu wa masimulizi ya Kirundi. Hana jeshi, hana cheo, hana hirizi. Ana ulimi. Katika visa vyake husimama mbele ya wakubwa, hata mbele ya mfalme, akasema lile ambalo wengine wote wamelimeza, akalisema kwa namna ambayo anayetaka kukasirika hujikuta anacheka. Wapenzi wa vitabu wa Bujumbura walipoanzisha mkahawa wao wa fasihi, jina walilolichagua ni lake. Walijua wanachokifanya. Lakini mkahawa wa fasihi hukusanya watu wazima wanaosoma. Mtoto wa darasa la tano bado anamsubiri.

Rai yetu ni hii: Samandari apewe mfululizo wake wa vibonzo, utoke kwa matoleo, uchorwe hapa Bujumbura, na uandikwe kwa Kirundi na Kiswahili.

Anayedhani shujaa aliyewekwa pembeni hawezi kurudi amtazame Black Panther. Stan Lee na Jack Kirby walimzindua mwaka 1966 ndani ya kitabu cha mashujaa wengine. Kwa miaka 30 na zaidi aliishi kama mgeni nyumbani kwa watu: mara anapewa mfululizo wake, mara unafungwa. Mwaka 1998 akakabidhiwa mwandishi Christopher Priest, na Priest akamwandika kama mfalme hasa, mtu anayewaza hatua tatu mbele ya wanaomdharau. Mfululizo huo ulidumu hadi 2003. Mwandishi Ta-Nehisi Coates akaushika usukani mwaka 2016, na filamu ya Ryan Coogler ya 2018 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Makucha alikuwa nayo tangu zamani. Alichokuwa amekikosa ni mwandishi wa kumchukulia kwa uzito.

Jirani zetu nao wametutangulia. Miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi nchini Kenya ulichukua ngano za wazee ukazitia kwenye picha, ikiwemo ile ya Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo mwenye mwili wa jiwe aliyeuawa kupitia kivuli chake. Mwaka 2010 likaja jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, na kugawiwa bure ndani ya gazeti. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya siri chumbani mwake. Mwaka 2012 Shujaaz lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Boyie harushi moto wala hapai angani. Anaongea, na vijana wenzake wanamsikiliza.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Kosa kubwa litakalomwua Samandari mpya ni kumvisha joho na kumpachika misuli ya kuazima. Nguvu yake ni neno, basi abaki nayo. Kinachotakiwa kubadilika ni ulimwengu unaomzunguka. Awekwe kwenye foleni ya mafuta alfajiri, pale mwenye gari kubwa anapopenya mbele. Awekwe Gatumba, maji ya ziwa yakiwa yameingia hadi sebuleni na mgeni mwenye suti amekuja kupiga picha. Aketi barazani na baba mkwe anayepandisha mahari. Kila palipo na mtu mdogo aliyeonewa na mkubwa asiyeambiwa ukweli, Samandari ana kazi.

Wapo watakaosema shujaa wa maneno hachoreki, kwamba kibonzo kinataka ngumi. Tunawajibu kwamba kibonzo ndiyo sanaa pekee ambamo neno lenyewe huchorwa, likapewa umbo na ukubwa wake juu ya kichwa cha msemaji. Uso wa mkubwa sekunde moja baada ya kuambiwa ukweli ni picha ambayo mchoraji hodari ataifurahia kuliko ngumi kumi.

Wengine watasema Samandari ni urithi, asiguswe. Heshima hiyo tunaielewa. Lakini hakuna bibi aliyemsimulia sawasawa na bibi wa jirani. Kila aliyemsimulia alimwongezea chumvi yake, na ndiyo sababu ameishi hadi leo. Anayemfungia kabatini ndiye anayemzika.

Wala tusiambiwe Warundi hawana moyo wa kufuata hadithi ndefu. Mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kwa ajili ya Studio Ijambo, ulianza miaka ya 1990, wakati wa vita, na watu waliuandama sehemu baada ya sehemu. Masikio yale yale yamezaa macho ya leo.

Mambo matatu yafanyike. Kwanza, mwandishi alipwe kabla ya mchoraji kushika kalamu, na mchoraji alipwe kabla ya mashine kuwashwa. Kazi ya bure huzaa toleo moja, kisha kimya. Pili, bei iwe ya mfuko wa mwanafunzi. Karatasi ni ghali, tunajua, basi kurasa ziwe chache na matoleo yawe mengi, na kijitabu kiuzwe kwenye vibanda vinavyouza vocha za simu, ambavyo viko kila mtaa. Tatu, Kiswahili kisiachwe kiwe nyongeza ya baadaye. Samandari anayesema Kiswahili anavuka hadi Uvira na Kigoma bila mkalimani, na soko la Bujumbura peke yake halitoshi kumlisha.

Lipo pia la nne, na hilo halingoji fedha. Visa vya Samandari vingi bado vimo vichwani mwa wazee, na wazee hawangoji mtu. Kijana unayejua kuchora, Jumapili hii chukua daftari uende kwa babu au bibi yako. Mwambie akusimulie kimoja tu. Mfululizo unaanzia hapo.