Ritifaa si Pambo

Wako watu wanaodhani kwamba ile alama ndogo ya ritifaa katika jina la Ng'ambo ni pambo tu. Sisi tunasema sivyo. Kiswahili sanifu, ambacho Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wake mwaka 1928, kinaitumia kutenga sauti na maana. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu.

Leo ofisi zetu zinatumia kompyuta, na kompyuta haina busara ya karani. Kwake ritifaa iliyonyooka, yenye namba 0027 katika orodha ya kimataifa ya Unicode, na ile iliyopinda, yenye namba 2019, ni alama mbili mbalimbali. Karani mmoja akiandika hii na mwenziwe akaandika ile, daftari la kompyuta laweza kuona majina mawili. Na mwananchi aliyekuja kutafuta hati ya kiwanja chake akaambiwa kuwa haimo. Haki yake itakuwa imekwamishwa na alama isiyofikia punje ya mtama.

Dawa yake ni nyepesi. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye kibodi. Programu ya kuandikia ikiipinda yenyewe, karani abonyeze Ctrl na Z kwa pamoja, irudi ilivyokuwa.

Tunatoa wito kwa wakuu wa idara watoe agizo moja, lifuatwe Unguja na Pemba. Lugha ni mali ya umma. Na mali ya umma haichezewi.