Je, Yafaa Kuwafundisha Watoto Hesabu kwa Karata?

Neno karata likitajwa katika shule ya misheni, wakubwa hukunja uso. Nao wana sababu. Karata zimewala watu mishahara yao, zimevunja nyumba, na huko bwenini zimewafanya vijana wakose usingizi na kuuza hata madaftari. Mimi siitetei kamari. Lakini muhula uliopita chama chetu cha hesabu kilipoomba ruhusa ya kupeleka karata za maumbo katika shule ya msingi iliyo jirani, ombi lilikataliwa kabla ya mtu yeyote kuziangalia. Neno lenyewe lilitosha. Naona haikuwa haki, na naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kwa nini.

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Mwalimu wa darasa la tatu akitaka kufundisha maumbo yabisi, yaani yale yenye urefu, upana na kimo, hushika chaki akachora mchemraba ubaoni: mraba mmoja mbele, mraba wa pili nyuma, na mistari minne ya mshazari kati yao. Yeye mwenyewe huona sanduku. Mtoto huona miraba miwili iliyopandana. Akiulizwa, "Una nyuso ngapi?" huhesabu zile anazoziona, akasema tatu. Mwalimu humwambia ni sita, naye hukariri: nyuso sita, kingo kumi na mbili, vipeo vinane, kama mtu akaririye majina ya mito asiyopata kuiona. Miaka sita baadaye yumo sekondari, anaambiwa atafute eneo la bati la kutengenezea kopo lisilo na kifuniko. Hutafuta kanuni kichwani, na wala hamjii fikira kwamba angelikunjua lile kopo, angepata duara moja na mstatili mmoja.

Si kwamba mtoto huyo ni mjinga. Ubao ni kitu bapa, na umbo lenye kimo haliwezi kukaa juu yake; kinachokaa ni kivuli chake tu. Kukisoma kivuli ni elimu ya pili, inayokuja baada ya mkono kukijua kitu chenyewe.

Sasa karata tunazozisema ni hizi. Maumbo ni manane: mchemraba, mche mstatili, mche wa pembetatu, piramidi ya mraba, piramidi ya pembetatu, mcheduara, pia, na tufe. Kila umbo lina karata nne, basi zote ni 32. Karata ya kwanza ina picha ya umbo. Ya pili ina kitu mtoto akijuacho: kiberiti kwa mche mstatili, kopo kwa mcheduara, chungwa kwa tufe, paa la nyasi la nyumba ya mviringo kwa pia. Kwa piramidi ya pembetatu, wazee wetu watakumbuka zile pakiti za maziwa zilizouzwa zamani kule Kenya. Karata ya tatu ina umbo lililokunjuliwa na kulazwa bapa. Ya nne ina jina, lililoandikwa kwa lugha ya darasa hilo.

Pamoja na karata lazima yawepo maumbo yenyewe, yaliyofinyangwa kwa udongo au kukatwa katika maboksi ya sabuni. Hayo huanza. Huwekwa ndani ya mfuko, mtoto akatia mkono bila kuchungulia, akapapasa, kisha akaonyesha karata ya kitu alichokishika. Hapo ndipo mkono unapolifundisha jicho.

Baada ya hapo huchezwa kwa desturi ya matatu, mchezo ambao kila kijana wa Uganda anaujua. Watoto ni wanne, kila mmoja hupewa karata tano, moja hufunuliwa katikati. Anayefuata huweka karata ya umbo lile lile au ya namna ile ile, picha juu ya picha, jina juu ya jina. Asiye nayo huokota. Lakini haruhusiwi kuiweka kabla ya kulitaja umbo kwa jina na kuligusa pale mkekani. Amalizaye kwanza hapati senti wala peremende. Hupata heshima ya kuzigawa karata katika mchezo ujao.

Karata moja katika hizo 32 haina mchoro. Ni ile ya tufe lililokunjuliwa. Mtoto akiipata lazima aeleze kwa nini ni tupu, na jawabu lake ni ganda la chungwa: ulibandue upendavyo, halilali bapa bila kupasuka. Mwaka 1827 Gauss, bingwa wa hesabu wa Ujerumani, alithibitisha jambo lenye kuhusu hilo hilo, na ndiyo sababu hakuna ramani bapa ya dunia isiyopotosha kitu fulani. Mtoto wa miaka minane aliyeshika ganda la chungwa amekwisha kufika mlangoni pa elimu hiyo.

Wale wa darasa la sita wanaweza kupewa mchezo mgumu zaidi. Achukue umbo lolote lenye nyuso bapa katika yale matano, ajumlishe nyuso na vipeo, kisha atoe kingo. Mchemraba: 6 na 8 ni 14, toa 12, zabaki 2. Piramidi ya mraba: 5 na 5 ni 10, toa 8, zabaki 2. Mche wa pembetatu: 5 na 6 ni 11, toa 9, zabaki 2. Watoto hudhani ni mchezo wa kiini macho. Ni kanuni ambayo Euler, mtu wa Uswisi, aliitaja katika barua ya mwaka 1750. Mcheduara na pia tuyaache nje ya hesabu hiyo, kwa kuwa vitabu vyenyewe havipatani kama ule mviringo wao uitwe ukingo au la.

Wakubwa wetu wasidhani kwamba haya ni mambo ya vijana wapendao mchezo kuliko kazi. Friedrich Froebel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, ndiye aliyeanzisha shule za watoto wadogo huko Ujerumani, akaziita mwaka 1840 kwa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Katika vifaa alivyowapa mlikuwa na tufe, mcheduara na mchemraba vya mti, vilivyotundikwa kwa uzi na kuzungushwa, hata mchemraba ukizunguka upesi huonekana kama mcheduara. Daktari Maria Montessori, Mkatoliki, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma mwaka 1907. Huko watoto waliyapapasa maumbo macho yakiwa yamefungwa, kisha wakayalinganisha na kadi. Na mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina, waliandika kwamba mtoto hulitambua kwanza umbo zima kwa sura yake, ndipo baadaye aone sifa zake moja moja, na kwamba mwalimu akiiruka hatua hubaki akisema peke yake.

Hata kwetu wazee hawakudharau mchezo. Ubao wa omweso una mashimo 32 na mbegu 64, na mchezaji hodari hupiga hesabu za mizunguko kadhaa kichwani bila kalamu. Hakuna aliyesema omweso umewaharibu wazee.

Wako watakaosema kwamba darasa lina watoto themanini, hivyo mchezo hauwezekani. Ni kweli madarasa yalifurika. Uganda ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 1997, wanafunzi walipanda kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Lakini tupige hesabu. Watoto 80 ni makundi 20, na makundi 20 yahitaji karata 640. Karatasi moja ya manila yenye upana wa sentimita 59 na urefu wa 84 hutoa karata 81 za sentimita 6 kwa 9. Kwa hiyo karatasi 8 zatosha darasa zima. Udongo wa kufinyanga ni bure, na maboksi hutupwa kila siku nyuma ya maduka.

Wengine watasema kuna kelele. Zipo. Lakini kelele za watoto wanaobishana kama kiberiti ni mchemraba au mche mstatili ni afadhali kuliko kimya cha watoto wanaonakili wasichokielewa. Wengine watasema mtihani wa kumaliza shule ya msingi haufanywi kwa karata. Sawa, hufanywa kwa karatasi, na ndiyo maana mtoto apate kuyajua maumbo kabla hajakutana na vivuli vyake siku ya mtihani.

Nakubali jambo moja. Karata peke yake, bila maumbo ya kushika, ni ubao mwingine uliokatwakatwa. Mwalimu mvivu anaweza kuzigawa kisha akaketi kivulini. Mchezo haumwondolei mwalimu kazi. Wamtaka apite kila mkeka, asikilize, aulize.

Sasa nairudia ile kamari. Kisu hukata mkate na hukata mtu, wala hatujavifukuza visu jikoni. Karata hizi hazina mfalme, hazina fedha, hazina usiku wa manane. Kanuni ya bwenini na ibaki kama ilivyo, lakini iseme wazi inakataza nini: kucheza kwa fedha. Isikataze vipande vya manila vyenye picha ya chungwa.

Lugha yetu yenyewe yatukumbusha. Kwa Kiswahili umbo lile lenye ncha moja huitwa pia, na pia ni kile kitu ambacho mtoto hukichezesha uwanjani. Waliolipa umbo jina hilo walianza na mchezo.

Basi naomba mambo mawili. Wakuu wetu waziite zile karata mezani, wazitazame, ndipo waamue. Nanyi kaka zetu mliokwisha kupita hapa, wengi wenu sasa mu walimu, mafundi na wenye maduka: mwenye maboksi na atuwekee, mwenye manila na atupatie, na aliye mwalimu azijaribu darasani kwake akatuandikie katika gazeti hili alichokiona, kizuri au kibaya. Watoto wa shule ile ya jirani ndio watakaoketi kwenye madawati yetu miaka michache ijayo. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwanafunzi, Kidato cha 6