Mifupa ya Mwanamume na Siri ya Homoni

Askari apigapo kwata, uzito wote wa mwili wake pamoja na mzigo alioubeba huikalia mifupa. Wengi hudhani kuwa mifupa hiyo ni kama mawe: ikisha kukomaa, haibadiliki tena. Sivyo. Mfupa ni kitu hai. Kila siku chembe fulani huubomoa na nyingine huujenga upya, na miongoni mwa wasimamizi wakuu wa kazi hiyo ni homoni, yaani kemikali zitolewazo na tezi na kusafirishwa na damu.

Homoni kuu ya kiume ni testosteroni, itengenezwayo ndani ya korodani. Ndiyo imleteayo kijana ndevu, sauti nzito na misuli wakati wa kubalehe. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa ndiyo hasa iimarishayo mifupa ya mwanamume, na kwamba estrojeni, homoni ya kike, ni shauri la wanawake. Maradhi machache, tena adimu sana, ndiyo yaliyowafumbua macho.

Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye kimo cha sentimita 204, ambaye alikuwa bado anarefuka. Magoti yake yalikuwa yakipinda kuelekeana. Testosteroni yake ilikuwa ya kutosha, lakini mifupa yake ilikuwa dhaifu, na ncha zake hazijafunga, kama za mvulana wa miaka 15. Kasoro ilikuwa kwamba chembe za mwili wake hazikuweza kuipokea estrojeni, ingawa ilikuwamo tele katika damu. Ufunguo ulikuwapo, kufuli ndilo lililoharibika. Hata alipoongezewa estrojeni, haikumfaa kitu.

Mwaka 1997 ikatangazwa habari ya mwanamume mwingine, wa miaka 38, huko Italia. Yeye alikosa kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Alipewa testosteroni nyingi, mifupa isibadilike. Alipopewa estrojeni, ncha za mifupa zilifunga, akaacha kurefuka, na mifupa yake ikawa mizito zaidi.

Hapo ikabainika kuwa testosteroni huisaidia mifupa kwa njia mbili. Yenyewe hukuza misuli na kuunenepesha mfupa kwa nje; na sehemu yake ikigeuka estrojeni, hufunga ncha za mifupa na kuizuia isibomolewe upesi. Basi mwanamume apungukiwaye na testosteroni hupata hasara maradufu.

Mfano ni maradhi ya Kallmann, yaliyopewa jina la daktari aliyeyaeleza mwaka 1944. Ubongo hautoi amri ya kubalehe, na aghalabu mgonjwa hanusi harufu. Chakula chaungua jikoni naye ameketi karibu, hana habari. Miguu na mikono yake huweza kuwa mirefu, jamaa wakajivunia kimo chake, kumbe mifupa ndani haina uzito wa kutosha. Akijikwaa na kuanguka, huenda akavunjika pale ambapo mwenzake angejipangusa vumbi na kuondoka. Matibabu yapo: hupewa homoni, akabalehe, na mifupa ikapata nguvu. Kadiri aanzavyo mapema ndivyo ilivyo bora.

Kwa hiyo wazazi wawe macho. Mvulana atimizaye miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe apelekwe kwa daktari. Vivyo hivyo mtu mzima avunjikaye mfupa kwa kuanguka kidogo. Damu ya kupima testosteroni hutolewa asubuhi, kwani ndipo iwapo nyingi zaidi. Tena ni hatari kununua sindano za homoni mitaani ili kutunisha misuli: mwili ukizoea kuletewa, korodani huacha kutengeneza zake, na mbegu za uzazi hupungua au kukoma kabisa.

Lililo gumu si dawa, bali haya. Kijana huoga peke yake kambini, huepuka wenzake, humficha hata baba yake, na miaka ya kujenga mifupa ikampita. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Baba amwulize mwanawe kwa upole, faraghani, bila dhihaka. Na mwana akisema, waandamane hospitali siku hiyo hiyo.