Asidi na Besi Zimo Jikoni

Mara nyingi tumeingia darasani tukaandika ubaoni: asidi hugeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu, na besi hugeuza litimasi nyekundu kuwa buluu. Watoto wakanakili, wakakariri, wakajibu mtihani; karatasi ya litimasi yenyewe hawajapata kuiona. Tukiulizwa, twasema shule haina vifaa. Maoni yetu ni kwamba udhuru huo hautoshi, na kwa shule ya pwani kama ya Kigombe haufai kabisa.

Tuitazame Kigombe yenyewe. Jikoni mna ndimu, ukwaju na siki, vitu vyenye asidi. Mna pia majivu na magadi, vyenye tabia ya besi. Kaskazini ya kijiji, kwenye barabara ya Tanga, yapo magofu ya Tongoni, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ni somo zima. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ikabaki chokaa hai. Chokaa hai ikimwagiwa maji huchemka, ikawa chokaa iliyozimwa, ambayo ni besi. Ikishapakwa ukutani, huivuta tena hewa ile kidogo kidogo, ikarudi kuwa jiwe.

Kielekezi nacho kipo. Karatasi nyeupe ikichovywa katika maji ya manjano na kukaushwa, hugeuka nyekundu ya kahawia ikidondoshewa maji ya chokaa, na hurudi njano ikidondoshewa ndimu. Mama aliyefua doa la mchuzi wa manjano kwa sabuni amekwisha kuyaona mabadiliko hayo.

Lakini tusijidanganye. Manjano hayatofautishi asidi na maji matupu, kwani katika yote mawili hubaki njano. Kwa hiyo mwalimu aandae pia maji ya maua mekundu ya haibiskasi, ambayo huwa mekundu katika ndimu na ya kijani katika maji ya majivu. Tena ajaribu yote mwenyewe kabla ya kipindi.

Wako watakaosema kwamba hii ni michezo, na mtihani huuliza litimasi. Twawajibu kwamba mtoto aliyeiona rangi ikigeuka na kurudi atalielewa swali la litimasi. Aliyekariri tu, ukimgeuzia swali, hupotea.

Tahadhari ni lazima. Chokaa hai isiingie darasani, kwani yaweza kupofusha macho. Maji ya chokaa iliyozimwa, yaliyotulia na kuchujwa, ayashike mwalimu mwenyewe, wala kitu chochote cha jaribio kisionjwe. Tusiwatume watoto kuvunja matumbawe: pwani hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kombe tupu la ufukoni latosha. Likidondoshewa siki hutoa mapovu, na mapovu hayo ni hewa ileile ya tanuruni.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule isitengwe na maisha ya watu wake. Sisi tuendao kufundisha tusingoje sanduku la vifaa kutoka mjini. Litimasi ikija, tutaipokea kwa furaha. Isipokuja, somo liendelee.