Hawafichwi, Hawana pa Kwenda

Kila mwaka tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, kiongozi fulani hupanda jukwaani na kuwaonya wazazi wasiwafiche watoto wao wenye ulemavu. Watu hupiga makofi, kisha hotuba hurudishwa kabatini kungoja mwaka mwingine. Nimeisikia mara nyingi, na kila niisikiapo nazidi kuichukia. Sisemi kwamba ni uongo mtupu. Wazazi wanaoona haya wapo, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba mtoto wa namna hiyo ni laana au kazi ya mchawi. Lakini hotuba hiyo inamtwika mzazi kosa lisilo lake, na yule mwenye dhamana anaondoka mikono mitupu, hana wa kumwuliza.

Ndugu msomaji, hebu tumfikirie mama wa kijijini hapa Tanzania, mwenye mtoto wa miaka 7 aliye na mtindio wa ubongo. Ameisikia hotuba na ametii. Sasa amtoe ndani ampeleke wapi? Shule iko mwendo wa saa nzima, mtoto hatembei, na baiskeli ya magurudumu matatu hana. Akimbeba mgongoni, atakuta darasa lina ngazi, choo ni cha kuchuchumaa, na mwalimu amezingirwa na watoto 80. Baada ya wiki mbili ataambiwa kwa upole kwamba huyu ni mtoto wa shule maalumu. Na shule hiyo iko mkoa mwingine. Mama atarudi nyumbani na mzigo wake, na Desemba ikifika ataambiwa tena kwamba amemficha mtoto.

Sizibezi shule maalumu. Buigiri ilianza kuwafundisha wasioona mwaka 1950, Tabora ikawapokea viziwi mwaka 1963, na Buguruni mwaka 1974. Zimewainua watu ambao vinginevyo wangekaa gizani. Lakini tumezifanya kisingizio. Tunapoweza kutaja shule moja nzuri iliyo mbali, tunajiona tumemaliza kazi katika kata zote ambazo hazina chochote. Tena mtoto kiziwi anayepelekwa bweni hurudi likizo akiwa na lugha ya alama ambayo mama yake haijui, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumfundisha mama.

Sheria hatujapungukiwa. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe, inayotaka kamati za watu wenye ulemavu ziundwe hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Ni jambo jema. Lakini kwa mama yule kikwazo hakikuwa ada. Kikwazo kilikuwa ni nauli, kiti na mwalimu.

Kinachotakiwa hakihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Kianzie kliniki. Mama huyu alimpeleka mwanawe kupimwa uzito na kupata chanjo, na nesi akajaza kadi. Katika safari ileile, angeulizwa kama mtoto hugeuka akiitwa, kama shingo imekaza, kama anakaa. Uziwi unaojulikana mtoto akiwa na miezi michache si sawa na uziwi unaogunduliwa akiwa darasa la kwanza, kwani miaka ya kujifunza lugha haimngoji mtu.

Kisha waje walimu. Chuo cha Patandi, Arusha, kinawafunza walimu wa elimu maalumu. Haifai mwalimu wa namna hiyo kupelekwa mahali akafundisha kama mwalimu mwingine yeyote, ujuzi wake ukaozea sandukuni. Apewe pikipiki na ratiba, azungukie shule za kata, awaonyeshe wenzake namna ya kumpokea mtoto asiyesikia, asiyeona vizuri au mwenye usonji. Na fundi seremala wa kijiji apewe vipimo vya kiti cha kumkalisha mtoto wima. Viti hivyo hutengenezwa hata kwa karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa uji wa unga.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hazipo. Jibu hilo ningeliheshimu zaidi kama lingetolewa na watu wasiolipwa posho ya kikao cha kuwajadili watoto hawa. Nauli ya mwalimu mmoja na ubao wa kujengea mteremko mlangoni mwa darasa si vitu vya kuifilisi halmashauri. Halmashauri inayoshindwa hata hivyo haijakosa fedha. Imewapanga watoto hawa mwisho wa foleni, na foleni haisogei.

Basi tuache kuwachungulia wazazi madirishani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa pale. Anyooshe mkono mtu mmoja, hata asiye na mtoto mwenye ulemavu, aulize: watoto hawa ni wangapi hapa kwetu, majina yao yameandikwa wapi, na robo hii wametengewa shilingi ngapi? Wakikosa jibu, mwandishi wa mkutano aandike kwenye kumbukumbu kwamba swali liliulizwa, na mkutano ujao liulizwe tena.