Nyaya za umeme juu ya mashamba: wakaazi wanahofia nini hasa?

Kila inapopangwa njia mpya ya umeme wa msongo mkubwa kupita mashambani nchini Kenya, baraza la chifu hujaa watu. Swali la kwanza huwa lile lile: je, nyaya hizi zitatuletea saratani? Ni swali la haki. Lakini ukisikiliza hadi mwisho, utaona kwamba wakaazi wana hofu tatu, na kila moja ina jibu lake. Zikichanganywa, wenye mradi hujibu ile iliyo rahisi kwao, na nyingine hubaki pale pale.

Tuanze na afya. Waya unaopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku. Mwaka 2002, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka uga huo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Msingi wake ulikuwa tafiti zilizoonyesha saratani ya damu kwa watoto ikijitokeza zaidi katika nyumba ambazo wastani wa uga ulizidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi huo na kusema hautoshi kuthibitisha kwamba uga wenyewe ndio chanzo.

Kwa hiyo anayesema nyaya zinaua anapita ushahidi uliopo, na anayewacheka wakaazi naye anaupita. Lililo wazi ni kwamba uga hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali na nyaya, na unaweza kupimwa kwa kifaa cha mkononi. Wakaazi wana sababu nzuri ya kudai vipimo vya nyumba zao kabla umeme haujawashwa na baada ya kuwashwa.

Hofu ya pili ni usalama, na hapa hakuna ubishi wa kisayansi. Ua wa seng'enge au paa la mabati lililo karibu na nyaya linaweza kupata umeme hata bila kuguswa na waya, na anayelishika akapigwa shoti. Dawa yake inajulikana: ua au paa huunganishwa na waya unaopeleka umeme huo ardhini. Kazi hiyo iandikwe katika makubaliano, isiachwe iwe ahadi ya mdomo. Kusimamisha bomba refu la chuma au kuchoma shamba chini ya nyaya ni hatari vilevile. Ule mlio wa kama kukaanga unaosikika asubuhi za ukungu kwa kawaida si dalili ya hitilafu.

Hofu ya tatu ni ardhi, na kwa maoni yetu ndiyo nzito kuliko zote. Nchini Kenya, njia ya kilovolti 400 huhitaji ukanda wa upana wa mita 60. Ekari moja ya mraba ina upande wa karibu mita 64. Njia hiyo ikipita katikati ya ekari moja, sehemu 9 kati ya 10 za shamba zinaingia ndani ya ukanda. Hatimiliki hubaki kwa mwenyewe, naye kwa kawaida huruhusiwa kulima mazao mafupi na kulisha mifugo. Haruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu.

Kando ya barabara uchungu huzidi. Shamba la barabarani lina bei kwa sababu mtu anaweza kujenga duka, nyumba ya kupangisha au kibanda cha biashara, na hayo ndiyo yanayokatazwa. Fidia ikipigwa kwa hesabu ya mahindi yaliyong'olewa, familia itakuwa imepoteza mpango wa miaka mingi kwa bei ya msimu mmoja.

Serikali nayo hupata hasara suala la ardhi lisiposhughulikiwa mapema. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Mkandarasi kutoka Uhispania alifilisika, na migogoro ya fidia ya ardhi ilichangia kuchelewa huko. Gharama ya umeme ambao haukuweza kufika kwenye gridi iliangukia umma.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki ilipwe kamili na bila kuchelewa pale mali inapotwaliwa kwa lazima. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda mahakama maalumu ya kusikiliza migogoro ya nishati. Ripoti ya athari za mradi kwa mazingira nayo hutolewa ili wananchi watoe maoni kabla ya leseni.

Basi kabla ya kutia sahihi, familia iulize: ukanda unachukua mita ngapi za shamba letu? Thamani imekadiriwa kama shamba au kama kiwanja? Fidia italipwa kabla ya mnara kusimamishwa au baadaye? Na je, kijiji kitapata umeme? Nyaya za kilovolti 400 haziwezi kuunganishwa moja kwa moja na nyumba. Lazima kuwe na kituo cha kupozea umeme na nyaya ndogo za kusambaza. Kama hayo hayamo katika mpango, umeme utapita juu ya paa na taa ya chini itabaki ya mafuta.